Sehemu ya Saba Bila Sauti ya Silasi

Isevya,
Tabora.
19 Novemba 2024

Mpendwa mpwa wangu Gaudensia,

Naanza kwa kukuomba radhi. Miezi minane imepita tangu barua yako inifikie, na mtu aliyewafundisha wengine kwa miaka thelathini na saba kwamba barua hujibiwa ndani ya wiki mbili hana udhuru wa kutosha. Sababu ninayo, nayo utaikuta mbele.

Shikamoo uliyoniandikia nimeipokea, marahaba. Je, hujambo? Baridi ya huko Winnipeg inakutendeaje, na zamu za usiku hospitalini bado ni nyingi? Sisi huku hatujambo. Presha yangu hupanda na kushuka. Mama yako ana nguvu kuliko mimi, na hunikumbusha jambo hilo kila Jumapili tukitoka kanisani.

Mvua zimeanza vizuri na uyoga umeshaanza kuuzwa kando ya barabara. Mama yako amekausha michembe ya viazi vitamu debe zima na anatafuta msafiri wa kukuletea. Nilimwambia kwamba Kanada wana viazi. Akaendelea kufunga debe lake.

Sasa nije kwenye flashi uliyonitumia. Sehemu ya Saba ya ile filamu yetu ya msafara wa angani nimeitazama mara mbili: mara ya kwanza mfululizo, mara ya pili nikiwa na daftari. Uliomba maoni yangu, nami nayatoa.

Hadithi hii ingepaswa kuisha katika Sehemu ya Tano. Sehemu ya Sita haina kazi. Wanapigana vita vitatu kwa ajili ya lango ambalo ufunguo wake wanao tangu Sehemu ya Pili. Mtawala wa Dola anasema mno. Mtu mwenye majeshi ya kiasi kile hahitaji kueleza. Tena, watu waliosafiri angani vizazi viwili hawana salamu. Kijana anaingia mahali walipoketi wakubwa wake na kuanza kuzungumzia mafuta ya chombo. Kula kwao pia sikukuona.

Yaliyo mazuri nayo niyataje. Vyombo vyote arobaini vinaendelea kupimiana maji hadi siku ya mwisho, na mwandishi hakusahau. Rubani ni mtu aliyeumbwa vyema, kwa kuwa anaogopa na bado anafanya kazi. Na walipofika kwenye ile dunia mpya, jambo la kwanza walilolifanya ni kugombana nani atangulie kuteka maji. Hapo niliamini kwamba wamefika kweli.

Lakini lazima nikiri kwamba nusu ya ninayoyajua kuhusu hadithi hii hayamo ndani yake. Wewe na mimi tuliifuata miaka yote katika banda la video la Silasi hapa Isevya, naye ameketi kando ya runinga, kipaza sauti mkononi, akitusimulia kwa Kiswahili yale ambayo watu wa ndani walikuwa wakiyasema kwa lugha yao. Nilipoyasoma maneno yaliyoandikwa chini ya picha, niligundua kwamba rubani haitwi Limbu. Hakuna hata mmoja anayeitwa mpagazi. Kiongozi wa msafara hawamwiti Kirangozi. Jina hilo Silasi alilitoa kwao Kwihara, ambako babu yake alimsimulia habari za watu waliotangulia mbele ya misafara ya wapagazi kwenda pwani. Hayo yote naweza kuyasamehe.

Jambo kubwa ni lile uliloliona wewe kabla yangu. Katika Sehemu ya Saba Kirangozi anatoka gerezani, mzee, mwenye ndevu nyeupe, akiwa hai. Sisi tulimzika katika Sehemu ya Tatu.

Uliniuliza mwishoni mwa barua yako kama Silasi alitudanganya. Sikutaka kukujibu kabla ya kumsikia mwenyewe, na kumsikia hakukuwa rahisi, maana alikuwa Mwanza akifanyiwa upasuaji wa koo. Amerudi mwezi uliopita. Uvimbe umeondolewa, na sauti nayo imekwenda. Aliyobaki nayo ni ya kunong'ona, na daktari amemwambia kwamba haitarudi.

Nilikwenda kwake mchana. Mkewe, Zabibu, aliketi karibu yake na kuyarudia kwa sauti maneno yake pale niliposhindwa kuyasikia. Nilimwuliza bila kuzunguka kwa nini alimwua mtu aliye hai. Silasi alicheka, mabega tu ndiyo yaliyocheka. Kisha akaeleza. Diski ya Sehemu ya Tatu ilikuwa imekwaruzika. Picha iliganda Kirangozi akiwa nje ya chombo na spana mkononi, na ilipokubali tena kuendelea, yeye hayumo na binti yake ameishika kofia yake, kisha ikaganda tena. Ndani ya banda walikuwamo watu themanini na kitu.

"Ningewaambia nini, Mwalimu?"

"Ungewaambia kwamba diski imeharibika."

"Watu walikuwa wameshavua kofia," alisema.

Jambo hilo ni kweli, nami ni shahidi. Hakuna aliyetuambia kwamba Kirangozi amekufa. Tuliona mtoto ameshika kofia ya baba yake, tukajua wenyewe, kama ambavyo mtu yeyote wa huku angejua. Wazee wa benchi la nyuma walianza kuvua kofia wakati picha ingali imeganda kwa mara ya pili, na Silasi akaifuata hadhira yake. Tangu hapo hakuwa na njia ya kurudi. Katika Sehemu ya Nne, ya Tano na ya Sita, kila walipomtaja mfungwa, yeye alisema wanamtaja marehemu. Alilibeba jambo hilo peke yake miaka kumi na sita, hata Zabibu hakumwambia. Zabibu aliniambia hivyo mbele yake, na kufichwa huko hakukumpendeza.

Sasa unayakumbuka maziko yenyewe? Picha imesimama, na Silasi anasema kwa robo saa. Vyombo arobaini vinazima injini. Kila mpagazi anautua mzigo wake upande wa kushoto. Kila mtu anamimina funda moja la maji yake mwenyewe, ingawa maji ni haba, na jina la marehemu linatajwa na mdogo kuliko wote msafarani. Ulikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja. Miezi minne kabla tulikuwa tumemzika baba yako huko Kigwa, nawe hukutoa chozi, siku ile wala siku zilizofuata, hata mama yako akaogopa. Katika benchi la Silasi ulilia mpaka Zabibu akaja na kanga yake kukufunika. Mama yako sikumwambia. Alichokiona yeye ni kwamba ulirudi nyumbani na njaa, ukala.

Sehemu ya Tatu uliniwekea katika flashi hiyo hiyo, nami nimeyatafuta maziko yale humo. Hayamo. Katika robo saa ile Kirangozi anakamatwa na askari wa Dola, basi. Kwa maoni yangu maziko yale ndiyo mahali bora kuliko pote katika sehemu zote saba.

Kwa hiyo swali lako nalijibu: ndiyo, alitudanganya. Sitafuti neno laini zaidi.

Linalonisumbua ni linalofuata. Sehemu ya Saba itaonyeshwa bandani Jumamosi ya kwanza baada ya Krismasi, na Silasi ameniomba mimi niisimulie. Habari zimeshaenea mtaani. Saidi kinyozi aliniambia mbele ya wateja wake kwamba Mwalimu akishika kipaza, hata maharamia wa angani watapiga shikamoo. Nilimjibu kwamba haitawadhuru.

Nikisema yaliyomo, watu watajua kwamba Silasi aliwaliza bure, na baadhi yao watacheka mbele yake. Hana tena sauti ya kujitetea. Heshima yake yote sasa ni yale wanayoyakumbuka. Nisiposema, itanibidi nisimame mbele ya watu, kwa mara ya kwanza maishani, na kuwaambia jambo nijualo kuwa si kweli. Zabibu alipendekeza nimwite yule mzee mdogo wake Kirangozi. Nilimwuliza mbona wamefanana mno. "Si baba mmoja?" akasema.

Silasi mwenyewe hakunisihi. Alinong'ona mara moja, nami nilimsikia bila msaada. "Sema unavyoona ni sawa, Mwalimu. Mimi nitaketi benchi la mbele."

Nimeandika madaftari mawili, moja la kila namna. Yote mawili yana sarufi safi. Sijachagua. Wewe ndiwe uliyelia, kwa hiyo una haki ya kusema kabla yangu. Niandikie, au umpigie mama yako simu aniletee neno lako.

Nisalimie Emilian, na umwambie kwamba mkwe huandika japo mara moja kwa mwaka. Mama yako anakusalimu, Zabibu anakusalimu, na Silasi aliinua mkono nilipokutaja. Mungu akulinde katika zamu zako na awape nafuu wale unaowauguza.

Nitakapokuwa nimeamua nitakuandikia siku hiyo hiyo. Kabla ya hapo, mtu yeyote akikuuliza, Kirangozi alizikwa Isevya, na mimi nilikuwapo.

Ni mimi mjomba wako, nikupendaye kama siku zote,
Renatus