Ombi la Kupanuliwa kwa Picha

Jumatatu, 3 Machi

Kwako Daftari langu, salamu na heshima. Dhumuni la kukuandikia ni kuweka kumbukumbu sahihi ya shutuma iliyonifika mimi, karani wa ghala kwa miaka kumi na tisa. Inadaiwa kuwa nilimsukuma mama mfagizi kwa makusudi, akavunjika nyonga. La hasha! Foko, ile mashine ya kunyanyulia mizigo, ilikuwa ikirudi nyuma kwa kasi, nilimwondoa njiani. Dereva sikumwona. Nilipoinuka, foko imekwisha kutoweka.

Meneja ameonyesha video mbele ya wafanyakazi wote. Imevutwa karibu mno: mgongo wa mama, mikono yangu. Basi. Mpakiaji mmoja akapaza sauti — Mheshimiwa Barua, leo umegonga muhuri mgongoni mwa mtu! Wakaangua kicheko. Hata binti yangu.

Jumanne, 4 Machi

Nimewasilisha ombi rasmi, nakala tatu: picha ipanuliwe, uwanja wote wa kupakilia uonekane. Madereva watatu wa foko wametia saini kwamba mashine zao zilikuwa zimeegeshwa. Mmoja wao ni binti yangu. Kazi hiyo nilimwombea mimi. Naamini wenzake wamemshurutisha.

Jumatano, 5 Machi

Nimekwenda hospitali kumjulia hali mama mfagizi. Akageukia ukuta. Mwanawe akauliza kama nimekuja kummalizia.

Alhamisi, 6 Machi

Fundi wa kamera ameniita faragha. Kumbe rekodi yenyewe ni pana. Kilichofika kwa meneja ni kipande tu. Akaipanua. Foko nyekundu. Dereva kainamia simu, anatabasamu. Amevaa kofia, lakini shingo ile naijua — niliibeba kabla haijakaza.

Fundi akasema: Si uliomba picha nzima, mzee wangu? Haya, shiba.

Nimemngoja binti yangu langoni. Hakukana. Baba, wewe umebakiza miaka miwili ustaafu, mimi nina watoto. Na nani alikutuma kumwokoa? Kisha, huku akifunga kamba za viatu: hizo barua zako zimewahi kumsaidia nani?

Kikao cha kusikiliza shutuma yangu ni kesho saa nne. Ombi nisipoliondoa, meneja ataiona picha nzima. Nimempelekea binti yangu karatasi, nakala yake ni hii:

Mwanangu, kwa heshima. Niliondoe ombi langu, au liendelee? Naomba uamuzi wako kabla ya saa tatu asubuhi.