Niliyoyasema Kuhusu Gari Lako

Baba,

Kabla hujaendelea, nakuomba haya yote yabaki kwako. Usimsomee Babu, na tafadhali sana usimsomee Shangazi Imelda. Nilimpenda, Mungu amrehemu, lakini hata alipokuwa hai hakuweza kulala na neno la mtu kifuani. Akilijua hili atatafuta njia ya kulifikisha kwa Baba Mdogo Deo, na Baba Mdogo akilijua nimekwisha.

Ulinipa kazi nami nimechelewa kuifanya. Ulikuwa wodini, umegeukia ukutani, nikadhani umelala. Ukasema, "Koku, gari likifika mimi nikiwa bado humu, uniandikie linavyokwenda. Usinipambe. Nataka ukweli wa karani kwa karani." Nilikuahidi. Wote wawili tulidhani barua ingekukuta kitandani.

Lilifika siku chache baada ya sisi kurudi kutoka Muleba kukuzika. Sebule haikuwa na viti, wanawake wamejilaza kwenye mikeka, na mimi niko uani nasugua sufuria, nikasikia honi. Dereva aliyelitoa Dar es Salaam aliteremka mwekundu kwa vumbi, kuanzia nywele mpaka viatu. "Mzee mwenyewe yuko wapi, asaini?" Nilifuta mikono kwenye khanga. Nilisaini mimi, na nikaandika jina lako badala ya langu.

Ni jeupe, kama ulivyotaka. Ni refu kuliko tulivyodhani kwenye picha. Lina viti vya watu wanane, vitambaa vya kijivu visivyo na doa, na mapazia madogo kwenye madirisha yote ya nyuma. Unakumbuka siku ulipoleta ile picha, ukagusa kila kiti kwa kidole ukitaja mwenye nacho? Mama hapa, Koku kwenye usukani, Projesti na vitabu vyake, Bibi akija kututembelea. "Na hiki cha mgeni," ukasema, "mtu asiseme watu wa nyumba hii wana gari la kujifungia." Sasa mdogo wangu amerudi seminari. Bibi hataki kuliona, anasema limekuja na msiba. Wewe ndiyo hivyo. Kwa hiyo asubuhi naliendesha peke yangu kwenda kazini kwenye kiwanda cha samaki, viti vyote hivyo viko nyuma yangu, na kwenye mashimo vyuma vya mikanda hugongana kama watu wanaoandaa meza. Kila mara natazama kwenye kioo. Kila mara.

Lalamiko langu la kwanza ungelicheka. Halina klachi. Ile miezi yote ya mafunzo ya udereva, wewe usiyejua hata kuwasha pikipiki ukikaa kiti cha nyuma cha gari la mwalimu, ukiniinamia begani: "Klachi, Koku! Klachi kwanza!" Mpaka mwalimu akakuuliza, "Mzee, nikuachie kazi?" Nilijifunza klachi mpaka nikawa naikanyaga usingizini. Kumbe ulituagizia gari linalojibadilishia gia lenyewe. Siku ya kwanza mguu wangu wa kushoto uliitafuta klachi, ukakuta breki, ukaikanyaga kwa nguvu zake zote. Baba Mdogo Deo alikuwa mbele. Kofia yake ilikwenda kugonga kioo. "Koku! Unataka nimfuate Kaka leo hii hii?" Waliokuwa nyuma walicheka kwa mara ya kwanza tangu msiba. Mimi nililia, wakadhani ni kicheko.

Mengine ni haya. Tumbo lake liko chini mno kwa barabara yetu. Kila jiwe la Ilemela linalifahamu sasa. Linakunywa petroli kama mgonjwa wa homa anavyokunywa maji. Kitabu chake cha maelekezo ni cha Kijapani tangu jalada mpaka jalada, na fundi wetu pale kona alipokifungua alikigeuza mara mbili, akanirudishia kwa heshima zote. Likirudi nyuma linalia pii, pii, na watoto wa jirani hutoka mbio kulishangilia. Unajua jinsi ninavyoogopa kutazamwa.

Sasa nifike kwa Baba Mdogo. Sitaki umfikirie vibaya. Ni yeye aliyekukata kucha hospitali, na ni yeye aliyekuwa akilala sakafuni chini ya kitanda chako nesi akigeuka. Lakini ni mfanyabiashara wa dagaa, na mfanyabiashara wa dagaa akiliona gari anaona magunia. Alianza kwa kulizunguka. Kisha akapima urefu wa ndani kwa hatua zake. Kisha akasema mbele ya watu, "Viti hivi ving'olewe. Nyuma pale naona shehena nzuri kutoka soko la Mwaloni mpaka Shinyanga. Na haya mapazia ya nini? Dagaa hawaoni haya." Watu wakacheka, na wajomba wakatikisa vichwa kukubali, maana siku hizi kila mtu Mwanza ana biashara, na gari linalolala uani linaonekana kama mtu mzima asiyetaka kazi. Mama alikuwa pembeni na ungo. Alikuwa akichambua mchele. Ikaachwa kwamba wazee wakija kumaliza matanga ndio watakaoamua.

Na mimi, kwa kweli, sikujali sana. Nilikuwa naliogopa gari. Nilifikiri, likienda Mwaloni nitarudia kutembea kwa miguu na moyo wangu utapumzika.

Kisha asubuhi moja likakataa kuwaka. Baba Mdogo akakusanya vijana wa mtaa: "Tulisukume!" Wakalisukuma kuteremka kilima, wakiimba, kanisa zima la Jumapili likitoka na kusimama kutazama, mimi kwenye usukani nimefumba jicho moja. Halikukohoa hata kidogo. Wakalisukuma tena kupanda, wakaliteremsha tena. Baadaye sana ndipo fundi alipopata habari kutoka kwa mwenzake wa mjini kwamba magari haya yasiyo na klachi hayawaki kwa kusukumwa, hata ukiyasukuma mpaka Musoma. Betri ilikuwa imekwisha. Taa ndogo ya darini mwake ilikuwa imewaka jana yake mchana kutwa. Walipigwa watoto wawili wa Mama Mdogo kwa kosa hilo.

Juma lililofuata umeme ulikatika kiwandani, wakaturuhusu mapema. Nilifika nyumbani jua likiwa bado kali. Gari siku hiyo nilikuwa nimeliacha uani, naliogopa baada ya aibu ya Jumapili. Mapazia yalikuwa yamefungwa yote na ile taa ndogo ilionekana kwa ndani. Nikasogea ili niwafukuze watoto.

Alikuwa Mama. Amekaa safu ya katikati, viatu amevivua ameviweka sawasawa kwenye zulia kama mtu aliyeingia nyumba ya watu. Alikuwa analia, lakini si kama alivyolia msibani. Msibani alilia kama tulivyolia wote. Humo ndani alikuwa anakugombeza. "Nani alikwambia mimi nataka gari? Nilikuomba gari mimi? Mimi nilikuomba gari?" Tena na tena. Akinyamaza kidogo, kama anangoja jibu lako, kisha anaanza upya.

Nilirudi nyuma kwa vidole vya miguu. Nikaenda dukani nikanunua sabuni ambayo hatukuihitaji.

Baada ya hapo nilielewa mengi. Baba, tangu ulipoondoka Mama hajawahi kuachwa peke yake. Wamemzunguka kwa upendo. Akinyanyuka kwenda msalani kuna mtu anamfuata na khanga. Akikaa kimya wanamwambia, "Mama Koku, usiwaze sana," na akilia wanamwambia, "Basi, basi, inatosha." Hakuna chumba chenye mlango unaofungwa katika nyumba ile isipokuwa gari lako. Na sikuweza kumwambia mtu, maana ningewaambia, wangemfuata humo pia.

Wazee walikuja kwa meli. Baba Mkubwa Laurian, kaka yako, ndiye aliyekaa kwenye kiti chako. Mimi nilipewa kazi ya kupitisha kahawa za kutafuna, zile punje kavu za desturi yetu, na unajua mikono yangu: kahawa zilikuwa zinacheza kwenye kikapu zikitoa sauti. Binti hasemi katika kikao cha ukoo, nami nilishukuru, maana sikuwa na la kusema ambalo lingesemeka. Baba Mdogo alieleza shehena, Shinyanga, ada za shule za Projesti. Alieleza vizuri. Hata mimi nilimwamini. Nilipofika mbele ya Baba Mkubwa akachukua kahawa yake, akanitazama akasema, "Lakini huyu ndiye anayeliendesha. Koku mwanangu, hebu tuambie. Gari hili likoje?"

Nikajikuta natoa ripoti. Nilisimama wima kama niko mbele ya meneja, nikaanza. Tumbo linakwaruza likiwa tupu, sembuse likibeba magunia. Petroli. Kitabu ambacho hakuna fundi Mwanza anayeweza kukisoma. Betri. Halisukumiki, likizimika porini kati ya hapa na Shinyanga, dagaa watalala hapo na mvua. Gia zake zikiharibika, sijui ni nani atakayezigusa. Baba Mkubwa akasema, "Endelea," nami nikaendelea. Sikusema uongo hata mmoja, Baba. Nilikuwa nikikagua kila neno kabla halijatoka. Ila sikusema jema lolote.

Nao wakacheka. Hili ndilo linaloniuma na ndilo lililonifanya nikuandikie. Walikucheka wewe. Mjomba mmoja alisema, "Maskini, hesabu za kiwanda cha pamba alizijua zote, hili moja likampita." Baba Mdogo Deo alishika kichwa: "Kaka yangu alipunguzwa kazini, akachukua kiinua mgongo chake akaenda kununua jiwe lenye matairi!" Na Baba Mkubwa akafuta machozi ya kicheko, akakata shauri: "Basi liacheni kwa mjane na bintiye. Likifa, lifie hapo uani." Nami nimesimama katikati yao na kikapu changu, mtu niliyekufanya uchekwe nyumbani kwako, na nikasema, "Asante, Baba Mkubwa."

Mama alikuwa mlangoni mwa jikoni. Alisikia yote. Usiku ule hakuniambia kitu zaidi ya "Umesema mengi leo, mwanangu," akaniongezea ndizi kwenye sahani.

Kwa hiyo sasa pokea ile nusu ya ripoti niliyoificha. Gari lako ni zuri. Injini yake ni ya kimya kiasi kwamba mara nyingine naiwasha iliyokwisha kuwaka. Linapanda kilima chetu kwenye mvua kama linavutwa na kamba. Baridi yake ya ndani inafanya nisinuke samaki nikitoka kazini. Na kiti cha dereva kinasogea mbele na kupanda juu mpaka naona barabara yote, mimi niliyekuwa nakalia mto kwenye gari la mwalimu. Yule dereva wa Dar, alipokuwa anaaga, aliniambia, "Kumbe ndiyo wewe? Mzee alitusumbua kwa simu tatu, anauliza tu kama mtu mfupi ataona mbele." Sikuwaambia wazee hilo. Hukuuziwa jiwe. Ulinunua kwa akili, na mimi peke yangu ndiye ninayejua, na sina wa kumwambia ila wewe.

Wageni wameondoka wote sasa. Jumapili iliyopita, baada ya misa, Mama alitoka amevaa gauni lake la bluu, akaingia mbele, akakaa, akasema, "Haya, twende."

"Wapi, Mama?"

"Kwani gari lazima liwe na wapi?"

Tukafuata barabara ya uwanja wa ndege mpaka ziwani. Njia nzima alinisahihisha. "Polepole, Koku, au umebeba magunia?" Akasema hivyo akitazama nje dirishani, na sijui anajua nini, na sitamwuliza.

Baba, hili nakuahidi: muda wote ufunguo utakapokuwa mkononi mwangu hakitang'olewa kiti hata kimoja. Na mwaka wako ukitimia nitavuka nalo pale Kamanga, ingawa naogopa kuliingiza kwenye kivuko, nami nitamleta Mama mpaka kaburini kwako, na mtu akikucheka tena mbele yangu nitamjibu. Nitatetemeka, lakini nitamjibu. Kwaheri, Baba. Nimesema kwaheri mara ngapi wodini nikirudi kesho yake. Hii sijui kuisema.

Ukitaka kunijibu, usimwendee Mama ndotoni. Ndiyo kwanza ameanza kulala. Wala usinifuate kiwandani, maana nikishtuka nakosea hesabu. Njoo Jumapili alasiri. Tutaegesha tena kwenye majani upande wa Ilemela, pale mawe makubwa yanapoingia majini, tukitazama ziwa. Ni gari jeupe, halina maandishi. Pita upande wa kushoto. Mlango wa nyuma hauvutwi kuja kwako kama milango uliyozoea; wageni wote huuvuta hivyo na kubaki wanashangaa. Shika kitasa, usukume kwenda nyuma, taratibu. Huwa siufungi kwa ufunguo.

Mwanao,
Koku