Adhana ya Alasiri Darasani

Woolwich, Jumanne

Na mimi niliyenung'unika asubuhi kwamba nimekuja London kusomea kitandani, kwa kompyuta!

Wiki mbili nzima nikipiga simu Mombasa mama ananijibu lile lile: "Baba yako hajambo, amelala." Saa zote amelala? Nilijua ni korona, na mtaani baba ndiye mwadhini. Kwenye simu nilisikia msikitini akiadhini mtu mwingine.

Leo mchana mwalimu alimwuliza swali Salma, jirani yetu wa Mombasa, aliyekosa ndege mipaka ilipofungwa na sasa anasoma nasi mtandaoni akiwa kwao. Alipowasha maikrofoni tu, adhana ya alasiri ikaingia darasani.

Mwalimu akasema, "Salma, zima maikrofoni."

"Mwalimu, nakuomba, muache," nikasema. "Huyo ni baba yangu."

Maikrofoni ikaachwa wazi. Baba huvuta "Hayya ala swala" kwa pumzi moja, ndefu. Akaivuta yote, mpaka mwisho. Subhanallah, sauti ile, chumbani mwangu!

Nikampigia mama. Akaanza, "Baba yako hajambo, ame..."

"Mama, nimemsikia."

Akaangua kilio, kile alichonificha wiki mbili.