Kifumbu cha Kukamata Chumvi

Kilwa Kivinje
3 Februari 2025

Mume wangu, mjukuu wangu Hussen,

Assalaam aleikum. Hujambo huko Dar? Mimi mzima, ila presha inapanda na daktari kaniambia nipunguze chumvi. Ya mchuzi nimeipunguza. Ya kisimani naipunguzaje?

Uliomba maji ya hapa nyumbani mkayapime chuoni, huko mnakotengeneza kichujio cha chumvi. Hiyo chupa nimempa kondakta wa basi pale Nangurukuru. Ila nieleze, maana swali hili limekataa kunitoka: kifumbu changu kinashika machicha ya nazi kwa sababu yapo, yanashikika. Chumvi ikishayeyuka haina machicha. Ninyi mnaikamatia wapi?

Mkeo wa kwanza,
Bibi Somoe

Dar es Salaam
11 Februari 2025

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi sijambo, lakini presha hiyo imenitia wasiwasi.

Swali lako limempendeza hata mwalimu wangu. Kifumbu chetu ni utando mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu. Maji hujipenyeza, chumvi inabaki nje. Shida ni kwamba maji hupita kwa kusuasua, mpaka yasukumwe na pampu kubwa. Ndiyo maana tunauchanganyia chembe za nano. Pasua unywele wako mmoja mara elfu nne, ndipo upate unene wa chembe moja! Zikiwemo, maji hupita upesi na sola ndogo inatosha.

Lakini bibi, nimevunjika moyo. Mtambo wa majaribio ni mmoja, nami nilitaka uje kwako. Tumeyapima maji yako, hayana chumvi kabisa. Mwalimu ameifuta Kivinje kwenye orodha ya mahali pa kuupeleka, nayo inafungwa tarehe 28. Mbona mimi nakumbuka yalivyonikwaruza koo utotoni?

Mjukuu wako,
Hussen

Kilwa Kivinje
18 Februari 2025

Mume wangu,

Marahaba, na salamu nyingi. Nisamehe, nimekuharibia kazi.

Yale ni maji ya mvua. Nilimwomba jirani yangu Gulshan wa dukani, mwenye tangi, akanipa pamoja na chupa yake. Uliposema wakubwa wako watayaangalia, niliona haya. Tangu lini mgeni akapewa maji ya chumvi? Toka nimeolewa hapa, mgeni akija mimi huenda kuomba ya kumpa. Ya kisima changu ni haya ninayokuletea sasa. Mwambie mwalimu asiyaonje.

Chupa ya Gulshan nirudishie.

Bibi yako mwenye makosa,
Somoe

Dar es Salaam
26 Februari 2025

Bibi,

Shikamoo. Unaendeleaje? Chupa ilifika juzi. Mwalimu aliyaonja, mbishi yule, akatema huku anacheka. Nilipomsomea barua yako akachukua kalamu. Kivinje imerudi kwenye orodha, nasi ndio wa kwanza. Mafundi watakuja baada ya Idi.

Hii hapa chupa ya Gulshan, nimeijaza. Ni maji yako yale yale, yamepita kwenye utando wetu. Tumeyapima, na mimi nimeyanywa kwanza. Onja uniambie.

Mjukuu wako,
Hussen

Kilwa Kivinje
5 Machi 2025

Mume wangu,

Marahaba, na Ramadhani njema. Mchana niliinua chupa juani nizitafute hizo chembe zako. Sikuona kitu, nikakusengenya kidogo.

Magharibi nikafuturu kwa kikombe kimoja. Nimelia, Hussen. Miaka hamsini na mbili naishi na kisima hiki, kumbe sikuwa naijua ladha yake.

Yaliyobaki nimempelekea Gulshan afuturu, kwenye chupa yake. Akaniuliza maji matamu hivi nimeyaomba kwa nani. Nikamwambia sikuomba, nimeteka kisimani kwangu.

Mkeo,
Bibi Somoe