Kidole Gumba Juu ya Fedha

Al Quoz, Dubai
Ijumaa, baada ya sala

Baba yangu,

Salamu hizi zikukute wewe na Mama mkiwa wazima. Macho yako yanaendeleaje? Nasikia bado unafua bangili za fedha, nikajua ukaidi wako nao ni mzima. Mimi sijambo, ila wiki hii nilikaribia kurudishwa nyumbani, na ni heri ulisikie kwangu.

Karakana yetu hutengeneza mabango. Bibi mmoja Mwingereza anafungua hoteli, akaleta karatasi yenye maelezo ya ngao ya ukoo wao, nembo yao ya kale, itundikwe juu ya mlango: simba mwekundu juu ya "arjenti". Ni neno la kale. Msimamizi akatafuta maana yake, akapata ni fedha, akaagiza fedha ya kubandika, nyembamba kama ganda la kitunguu. Kazi tukapewa mimi na Hamadi wa Unguja, ninayeishi naye chumba kimoja.

Tuliambiwa tuvae glavu, nikavaa. Lakini mwishoni, Hamadi alipokwenda kutia udhu, nikavua moja nikaing'arisha fedha kwa gumba tupu, kama ulivyonifundisha kumalizia kila bangili. Baba, ilimetameta. Nikajiona fundi kweli.

Siku ya tatu jasho langu likageuka weusi. Alama za gumba zilimzunguka simba, na mteja alikuwa anakuja mchana uleule. Msimamizi akauliza ni nani. Nikainama nikafunga kopo la gundi. Akasema basi ni Hamadi, maana ndiye aliyewahi kuharibu kazi, na viza yake khalas, imekwisha. Hamadi ana watoto wanne. Nami, mwanao, nilinyamaza asubuhi nzima nikimtazama akifunga begi lake. Hilo ndilo linaloniuma mpaka sasa.

Bibi alipofika sikuweza tena. Nikalivua gumba langu glavu, lile lenye kovu la patasi tangu siku ya kwanza uliponipa kazi, nikaliweka kando ya alama. Kovu lilionekana pale pale, kwenye gumba na kwenye alama.

"Sir, ni mimi," nikasema. "Hamadi hana kosa."

Bibi akainama, akazitazama zile alama. Kisha akamweleza msimamizi kwamba wachora ngao wanajua tangu zamani kuwa fedha huingia weusi, ndiyo maana arjenti huipaka nyeupe. Kwenye ngao, nyeupe ndiyo fedha.

"Ungeniuliza tu," akamwambia.

Msimamizi masikio yakamwiva kwa aibu. "Yalla, pakeni nyeupe," akasema, bila kunitazama. Begi la Hamadi likarudi chini ya kitanda. Hajanisemesha bado, ila jana aliniachia chai kikombeni.

Nisalimie Mama, dada Mwanaidi na mimba yake, na Ami Athmani anayekuvutia mivukuto ya kuchochea moto. Ngao imeshatundikwa. Chini ya ile nyeupe gumba langu lipo, na kovu lako, juu ya mlango wa wageni ambao mimi fundi sina ruhusa ya kuupita.

Mwanao,
Mbarak