Nakuja, Huku Anaondoka

Jumatatu, 3 Machi
Video yangu ya "nakuja" imesambaa! Ni mikono yangu tu inakunja mashuka, na sauti yangu. Nilieleza hivi: mtu anakwambia "nakuja" huku anaondoka. Nilipokuwa mdogo mama alisema nakuja, akaenda msibani. Nikakaa kizingitini kutwa, sikula, sikucheza, mpaka nikapitiwa na usingizi. Wenzangu wenye usonji wamejaa kwenye maoni. Mmoja alikosa mtihani kwa sababu ya nakuja ya mwalimu! Nimecheka mpaka machozi. Sikujua kama nina wenzangu.

Jumatano, 5 Machi
Kazini, chumba cha pasi. Redio, mvuke, na ile taa inayolia — wenzangu wanasema hailii. Bi Mvuke wa meza ya pili akaicheza video kwa sauti ya juu. Kisha akaitazama mikono yangu. Kidole changu kilichoungua, kile kinachoonekana kwenye video, hakifichiki. Kumbe Bubu ana mdomo, akasema; ndivyo wanavyoniita. Wakacheka wote. Nilitaka kucheka nao. Sauti ikagoma. Nikaendelea kukunja.

Ijumaa, 7 Machi
Bi Mvuke kamtumia mama video. Basi imekuwa kesi. Daktari aliiita hali yangu usonji, mama anaiita maringo. Jumapili wanakuja wakwe watarajiwa wa dada. Mama anasema wakiiona video watauliza kama hali hii ni ya ukoo. Nifute ukurasa wote. Dada alikuwa anasukwa, akanitazama. Labda alinionea huruma, labda aliumia nywele. Sura yake hainiambii.

Jumamosi, 8 Machi
Nilitaka kufuta. Nikakuta ujumbe wa mama mmoja nisiyemjua. Mwanawe haongei. Mama huyo anasikiliza video zangu zote, apate kujua mtoto anataka nini. Nikaiweka simu chini. Nikifuta, yeye atamuuliza nani? Na mimi nitaongelea wapi? Humu ndani maneno hunikwama kooni. Naogopa. Sina la kufanya, sina kabisa.

Jumapili, 9 Machi
Wageni wamefika. Viti vinaburuzwa, kila mtu anaongea. Wameambiwa naumwa kichwa, nimelala. Sijalala.

Mama kaingia, kauliza kama nimefuta. Nikatikisa kichwa, hapana. Nilijua atawaka. Hakuwaka. Akakaa kitandani kwangu, na kanga yake mpya.

"Nimeisikiliza tena," akasema. "Siku ile ya msiba. Ulinisubiri kutwa nzima?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Mbona hukusema, mwanangu?"

Nilikuwa na jibu. Refu, zuri. Halikutoka. Akanyoosha mkono, akaurudisha — anajua sipendi kuguswa. Kumbe anajua. Sebuleni wakamwita. Akasimama, akaichukua simu yangu pale kwenye mto wa kulalia.

"Nakuja," akasema.

Akatoka na simu. Kaenda kufuta? Kaenda kuwaonyesha? Sikuweza hata kuuliza. Maana ya nakuja naijua, nimewaeleza maelfu ya watu. Lakini nimeshasogea mlangoni, nimekaa kizingitini, namsubiri.