Jiwe Lako Wamelipaka Chokaa

Mama,

Jana nilikuwa huko kwako Abuku, na mpaka sasa hasira haijanitoka. Ulizoea kusema nikikasirika sifai kukaa na watu. Basi leo nivumilie, sina mwingine wa kumwambia haya.

Tangu tukuzike, makaburi ya kanisa yalimezwa na magugu. Nyasi kiunoni, chupa za waragi, hata pampasi za watoto watu walitupa humo. Aibu tupu! Juzi padri akatangaza kwamba vijana wa kujitolea watatoka mjini Arua kuja kusafisha. Nilifurahi, Mama. Nikachukua panga, nikapanda boda, nikupalilie kwa mkono wangu.

Kufika, wameshamaliza. Fulana za rangi moja, wamekaa juu ya makaburi wanatafuna miwa, makapi wanayatema papo hapo, juu ya watu. Mmoja amesimama juu ya kaburi la simenti la yule mfanyabiashara Msudani, jirani yako, anapigwa picha huku ameinua dole gumba.

"Iko safi sasa, mama! Ona!" kiongozi wao akaniambia, meno yote nje.

Safi, ndiyo. Wamefyeka kila kitu, vilima vya makaburi wamevisawazisha kwa jembe, na mawe yote wameyapanga kandokando ya njia ya kuingilia kanisani na kuyapaka chokaa. Hawakuuliza mtu. Wamekula unga wa mashine tangu wazaliwe, watajulia wapi kwamba kwetu mwanamke akizikwa huwekewa jiwe lake la kusagia juu ya kaburi? Wao waliona mawe tu. Mijitu mizima!

Nikaifuata ile njia nimeinama, nikaliona. Lako, Mama, na lile bonde lake katikati ulilolichimba kwa miaka ya kusaga mtama, mimi nikikusumbua kwa maswali, nawe ukinijibu kwa Kiswahili chako cha kuokoteza kambini: "Wewe mdomo iko, unga hapana." Bonde limejaa chokaa.

Nikaling'oa. Mmoja akanifokea eti naharibu kazi. Nikamwuliza kama naye angempaka mama yake chokaa. Akanywea. Kisha akasema taratibu, "Pole, mama. Kaburi iko wapi, turudishe?"

Sikujua. Ulilala pembeni ya Msudani, hilo nakumbuka, lakini upande huo mlikuwa wawili, wewe na yule mama Mkongo aliyeuza vitenge. Ndugu zake walisharudi kwao. Nani alikuwa karibu zaidi na simenti ile? Niliwauliza watu wote, kila mmoja akaonyesha mahali pake. Mbele yangu udongo mtupu, na nyayo za wale vijana.

Nikachagua mahali, nikaliweka jiwe, nikalia kwa sauti bila kujali wanaonipiga picha. Kama nimekosea, mwombe mwenzako asilikatae. Nimemlilia aliye chini, awe yeyote yule.

Lala salama, Mama. Nitarudi na simenti, niwajengee kaburi moja pana, nyote wawili, asiwakanyage mtu tena. Jina lako nitaliandika mwenyewe. La kwake naanza kulitafuta kesho sokoni kwa Wakongo, maana hapa tulimwita Mama Kitenge tu.